Jina Aliloitikia

1

Siku ya nne Mama Nkwimba alikuja na mto wa kukalia. Mhoja alipouona ule mto, foronya ya maua, umebanwa kwapani kama kuku wa mnadani, akajua huyu mama haendi popote.

"Shikamoo, mayu." Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, baba. Haya mabenchi yenu yana baridi. Jana kiuno kimelia mpaka asubuhi."

"Benchi halina kosa. Ni shimo hili."

Na kweli lilikuwa shimo. Zamani watu walichimba almasi humo mpaka zikaisha, wakaliacha likajaa maji. Baadaye ikaja maktaba, kwa sababu mashine zake zinachemka na maji yale yanazipoza. Baridi inayobaki inaingia kwenye mifupa ya watu. Unashuka kwa lifti, masikio yanaziba, ukitoka unakuta ukumbi mrefu wenye vibanda ishirini, na ukutani maandishi mekundu: MTAFUTAJI HACHOKI, AKICHOKA KESHAPATA. Mhoja alikuwa mtafutaji wa kibanda namba tisa mwaka wa tano sasa, na kwa macho yake ule msemo ni uongo mtupu. Aliowaona wamechoka bila kupata hawahesabiki.

Tungaraza, msimamizi wa ukumbi, akapita na kikombe chake cha chai. "Mama Nkwimba, naona umeleta mto. Kesho ulete na kitanda, tukuandikie chumba."

"Wewe niletee mwanangu, mimi nikuachie benchi lako."

"Mpaka kesho saa kumi jioni, mama. Baada ya hapo hata mimi sina uwezo."

Hilo la saa kumi wote walilijua. Watu wanaokwenda kuchimba vimondo angani hawarudi, na wakifa huko maiti zinaachwa hukohuko. Kwa hiyo sheria inamtaka kila anayeondoka aache siku moja ya maisha yake, ile ya mwisho nyumbani, ili ndugu wawe na kitu cha kushika. Anavaa kofia ya shaba, siku inanyonywa kichwani, inahifadhiwa. Hicho ndicho kipande. Ndugu akija, na yeye anavaa kofia, anaiishi ile siku kwa saa moja: anaona alichoona mwenzake, anasikia alichosikia, anaonja hata chumvi ya mboga. Mawazo tu ndiyo hayamo. Ya moyoni hayanyonyeki. Na kipande kisipofunguliwa na ndugu miaka kumi na tano, kinafutwa, nafasi apewe mwingine.

Doto, mtoto wa Mama Nkwimba, alikuwa ametimiza miaka kumi na tano huko juu. Miaka sita ya mwanzo aliandika barua. Halafu kimya. Orodha ya kampuni ya uchimbaji ilisema yuko hai na yuko kazini, basi. Namba yake ya kazi, ambayo ingekitoa kipande mara moja, hawakutaka kuitoa.

"Haya, andika mwenyewe leo," Mhoja akamwambia, akamsogezea kibao. "Nione unavyoandika."

Mama akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anachoma sindano: DOTO MASUNGA MTOTO WA NKWIMBA MREFU MWEUSI ALIYEONDOKA MWEZI WA MAVUNO.

Mashine ikajibu: Hakuna.

"Mayu, wewe unaiandikia barua. Hii haina huruma, haitasoma ikalia. Kila neno unaloongeza ni mlango unaoufunga. Anza na moja."

DOTO. Elfu moja mia nne na kumi na mbili.

"Uuwi!"

"Tulia. Sasa weka mwaka." Wakabaki tisini na sita. "Weka wilaya." Wakabaki thelathini na mmoja. Wakazifungua kadi zao moja moja. Doto wa thelathini na moja alikuwa mwanamke.

"Hawa tuliwaona juzi," mama akasema.

"Tuliwaona. Ila mambo ni haya. Siku zile watu walikuwa wengi, wanajiandikisha wenyewe, na katalogi haisahihishi. Ulichoandika ndicho. Kuna mtu hapa yuko chini ya Dotto, ti mbili. Kuna mwingine kajiandika Ndoto, sijui alikuwa na usingizi. Kwa hiyo usitafute unavyomjua wewe. Tafuta alivyojiita yeye."

Mama Nkwimba akauvuta mto vizuri chini yake.

Mhoja akajaribu Dotto, akajaribu Ndoto. Akaunganisha Doto na ukoo kwa namna zote, Masunga, Msunga, Masunja. Hakuna. Akageuza kiti.

"Alikuwa na jina jingine? La utani, la ubatizo, la babu?"

"Doto ni Doto," mama akasema haraka. "Pacha wa pili anaitwa nani tena kama siyo Doto?"

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza, Kulwa, nilimzika ana miaka saba. Surua."

"Pole, mayu."

"Zamani hiyo. Endelea."

Mhoja akaendelea. "Basi tuache majina. Mtu akijiandikisha anaandika na maneno matano ya vitu vilivyomo kwenye siku yake. Wengine wanaandika mvua, wengine ng'ombe. Siku ile nyumbani kulikuwa na nini?"

Mama akafikiri. Uso wake ukalegea kidogo. "Kulikuwa na matobolwa. Nilimfungia kwenye kitambaa cha kijani aondoke nayo. Unayajua matobolwa?"

"Nayajua kwa kusikia. Mimi Msukuma wa mjini."

"Maskini! Viazi vitamu, baba. Unachemsha, unakata, unaanika juani mpaka vigumu kama mawe. Ukila na maziwa hutaki mke."

"Ndiyo maana mimi sina mke na matobolwa sijala. Nimekosa kote."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Mhoja akaandika: MATOBOLWA. Hakuna. Akaandika VIAZI, wakaja mia tatu, wa wilaya nyingine kabisa. Akajaribu KIAZI, maana katalogi ile ni mbumbumbu, haijui kwamba kiazi na viazi ni ndugu. Hakuna.

Akajaribu KITAMBAA, wakaja maelfu, na kabla hajawachuja kengele ikalia. Zamu ya mama ilikuwa imekwisha, na nje ya kibanda mzee mmoja alishakohoa mara mbili kuonyesha kwamba yupo.

"Kesho asubuhi," Mhoja akasema.

"Kesho ndiyo ya mwisho."

"Najua, mayu."

2

Mchana wenzake walipanda juu kula. Mhoja akabaki, kama kawaida yake. Juu kulikuwa na meza ndefu ambako kila mtu alikuwa na mtu wa kuongea naye. Chini kulikuwa na vipande.

Hapa lazima tuseme kitu ambacho Mhoja hakumwambia mtu. Sheria inamruhusu mtafutaji kuingia kwenye kipande dakika tatu, bila kuhesabiwa amekifungua, kuhakikisha ndicho, kisha atoke. Mhoja alikuwa hatoki. Miaka mitano amekula pilau za harusi za watu. Amebebwa mgongoni na mama wa mtu. Ameagwa stendi na ukoo mzima ukilia, akarudi kwenye kibanda na mashavu yamelowa, halafu akapanda kulala kwenye chumba ambamo hata panya alihama. Na siku moja alilitafuta jina lake mwenyewe, kwa herufi zote na makosa yote, aone kama kuna siku ya mtu yeyote ambamo yeye amepita. Hakuna.

Basi akakaa, akaitazama MATOBOLWA kwenye kibao. Akaisema kwa sauti. Akaisema tena, safari hii kama walivyokuwa wanaisema watoto wa mtaani kwao, wale ambao ulimi wao unabadilishana l na r kama ndugu wanaobadilishana viatu.

Akaandika: MATOBORWA.

Kimoja.

Mhoja akaifungua kadi. Mwaka ni uleule. Wilaya ni ileile. Maneno: matoborwa, kitambaa, mvua, mama, kabuli. Akatabasamu, huyu bwana ulimi ulimpinda kila upande. Halafu akasoma jina, tabasamu likakatika.

KURWA MASUNGA.

Akasema labda ni mwingine. Pacha wako tele, Masunga wako tele. Akavaa kofia ahakikishe.

Akajikuta ana mikono mikubwa yenye sugu, anaosha uso kwenye beseni. Mlangoni yuko Mama Nkwimba, kijana zaidi, nywele nyeusi, anafunga kitambaa cha kijani. "Doto, usije ukawagawia wenzako yakaisha njiani." Na ule mdomo ambao sasa ulikuwa wa Mhoja ukasema, "Naam, mama."

Dakika tatu zikapita. Ni yeye, hakuna shaka. Mhoja hakutoka.

Akatembea na yule kijana kuaga majirani. Mvua ikawapiga, nyepesi, ya jua. Wakapita nyuma ya nyumba, wakavuka shamba la uwele, wakafika kwenye kaburi dogo lenye msalaba wa chuma. Msalaba umeandikwa KULWA. Yule kijana akachuchumaa, akang'oa majani kwa mkono. Halafu akasema:

"Doto, pacha wangu. Mimi naondoka."

Mhoja alidhani hakusikia vizuri.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa jina lako. Umelala huku na langu, mimi natembea na lako. Siku ile ya surua mama naye homa imempanda, hata haoni, anaita Doto, Doto. Wewe walikuwa wameshakutoa nje wamekufunika. Majirani hawatujui nani ni nani. Akaita mara tatu hakuna wa kuitika. Mimi nina miaka saba, nikaona nikinyamaza atadhani tumeondoka wote. Nikaitika. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake akawa ananiita hivyohivyo huku anacheka, nikasema kesho tena." Akafuta mvua usoni. "Akijua, itabidi akuzike wewe, na Kulwa ameshamzika. Hakuna mtu wa kuzika pacha wawili akabaki na akili. Acha nikae na hili. Nitajiandika jina langu kule kwenye kofia yao, mama hatalitafuta. Atatafuta Doto, atakosa, basi."

Mhoja akaivua kofia kwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa mtupu, mashine zinavuma. Miaka yote alikuwa anaiba siku za watu bila kuombwa chochote. Safari hii aliyoyabeba yalikuwa na uzito, na hakuna wa kusaidiana naye.

3

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa ameshaamua. Atasema hakuna. Saa kumi kitafutwa, mwenyewe ndivyo alivyotaka, na mama atarudi kwao na Doto wake. Uongo mdogo, watu wote salama.

Mama Nkwimba akaja, akaweka mto, akaketi. "Haya, baba."

"Hakuna, mayu. Nimehangaika mchana wote."

"Ulitafuta kwa nini?"

"Kwa kila kitu."

Mama akamtazama. Akamtazama tena, vile mama anavyomtazama mtoto aliyesema hakugusa sukari na midomo inang'aa.

"Umekiona."

"Mayu..."

"Jana ulikuwa unaniangalia machoni. Leo unaangalia mto. Umekiona. Kiko kwa jina gani?"

Tungaraza akapita na chai, akataka kutania, akaona nyuso zao, akaendelea na safari yake.

"Kuna vipande ukishafungua huvifungi tena," Mhoja akasema mwishowe. "Yeye mwenyewe hakutaka. Alikificha. Mimi kazi yangu kutafuta, lakini kitu kilichofichwa na mwenyewe, sijui. Sijui kama ni changu kukitoa."

"Kiko kwa jina la Kulwa," mama akasema.

Mhoja akainua macho kutoka kwenye mto.

"Doto alikuwa hanywi maziwa mgando," mama akasema, sauti yake ya kawaida kabisa, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. "Hata umpige. Wiki ya pili baada ya msiba nimepata nguvu, nikakoroga maziwa, nikaweka mezani. Mtoto akanywa, akalamba na bakuli. Nikasimama pale na mwiko. Nikajua."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka kumwita jina lake. Mdomo ukakataa. Ningesema Kulwa, papo hapo Doto angekuwa amekufa, na mimi ndiye niliyemuua kwa mdomo wangu. Nikasema kesho. Wewe huna mtoto, baba, hujui kesho ilivyo ndefu." Akakunja mikono juu ya magoti. "Halafu nikafikiri na yeye amesahau. Mtoto wa miaka saba, labda amesahau. Hajasahau?"

"Hajasahau, mayu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Siku nne naandika Doto. Najua sitampata. Nilikuwa naogopa kuandika lile jingine kwa kidole changu."

Mhoja akavuta kiti karibu. Sasa ilibidi aseme na lile lililobaki, maana kuficha nusu ni kuficha tu.

"Sikiliza. Ndugu akifungua kipande, na mwenye kipande bado yuko hai, anapelekewa taarifa. Inachukua dakika arobaini kumfikia kule juu. Inamwambia nani amefungua, na alikitafuta kwa neno gani. Neno lenyewe linaandikwa. Unaelewa? Mimi nilikipata kwa matobolwa, yameandikwa kwa r. Ukitaka, andika hilo. Atadhani umekiokota tu, bahati mbaya."

"Na nikiacha?"

"Saa kumi kinafutwa. Yeye anabaki anaamini hujui. Na wewe unabaki kama ulivyo."

"Kama nilivyo," mama akarudia. Akaangalia ule ukumbi, watu wameinama vibandani, kila mmoja na mtu wake asiyemwona. "Miaka tisa haandiki. Nilidhani amenichoka. Kumbe kila barua anaweka sahihi ya ndugu yake aliyekufa. Nani asingechoka?"

Mhoja akatazama saa ya ukutani.

"Nikimtafuta kwa chakula atasema mama kanifumania. Nikimtafuta kwa jina atajua nimemwita." Akavuta kibao. "Soma herufi."

"Mayu, una uhakika? Ukibonyeza..."

"Baba, soma herufi."

"K," Mhoja akasema. "U."

Mama akaandika K, akaandika U, halafu akaweka L bila kuambiwa, akamalizia. KULWA MASUNGA. Wakaja tisa, wa wilaya za mbali, hakuna wake.

"Weka r," Mhoja akasema. "Aliandika kama anavyotamka."

"Eh! Na shule yote ile niliyompeleka." Akafuta l, akaweka r. Kidole hakikukosea.

Kimoja.

Akabonyeza kabla Mhoja hajasema neno. Juu ya kibao maandishi yakapita: Taarifa imetumwa. Mhoja akamvika kofia, akaikaza chini ya kidevu, taratibu, kwa sababu nywele za mama zilikuwa chache. Mama akafumba macho, mabega yakashuka.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tano. Mhoja akakaa mlangoni mwa kibanda. Kwa kuwa alishapita njia ile, alijua mama yuko wapi kila dakika. Sasa ananawa uso kwenye beseni. Sasa anajiona mwenyewe mlangoni, ana nywele nyeusi, na hajawahi kujiona hivyo, jinsi mtoto alivyokuwa anamwona. Midomo ya mama ikacheza. Sasa majirani. Saa nne na dakika thelathini na tano, mvua.

Tungaraza akaja akasimama pembeni yake. "Amepata?"

"Amepata."

"Alhamdulillahi. Kwa nini basi una uso wa msiba?"

Mhoja akamwonyesha kidole anyamaze. Saa nne na dakika arobaini. Kaburi.

Machozi ya Mama Nkwimba yakatoka chini ya kofia yakafuata mikunjo ya uso. Halafu akainua kichwa, macho bado yamefumba, akavuta pumzi, akaita. Hakuita kwa sauti ya kilio. Aliita kama mama anayemwita mtoto ng'ambo ya shamba, chakula kiko tayari.

"Kulwaaa!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kipande hakijibu, kila mtu pale alijua. Yule kijana wa ndani angeng'oa majani yake, angeinuka, angerudi nyumbani, siku yake ilishapita. Na yule wa kweli, taarifa ilikuwa bado njiani, dakika tano zimebaki.

"Kulwa, wee!"

Mhoja alijikuta amesimama. Mdomo wake ulikuwa wazi na neno limeshafika kwenye ulimi, naam, naam mama, neno dogo, lingemtuliza papo hapo. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwita kwa sauti ile. Kuitika ilikuwa rahisi kuliko kupumua.

Akalimeza, jina hili lina mwenyewe. Akamwacha mama aite mara ya tatu.